Kiraka Cheupe cha Kundi la Tatu

Kijiwe chetu kipo Newala mjini, ukivuka barabara ya stendi, ubavuni mwa ghala la korosho lililofungwa tangu msimu uishe. Benchi ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, na mwisho wake anakaa Nurdini na birika lake juu ya mkaa. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa hayajatoka kwa siku ya tisa. Nurdini alikuwa anapikia maji ya madumu yaliyopandishwa kutoka bondeni, kwa hiyo kahawa ilikuwa nusu kikombe na hakuna kuongezewa. Katika hali hiyo sisi watu wazima tulikuwa tumekaa tunajadili bahari. Wengi wetu tumeiona mara moja moja, wengine kwenye kalenda tu. Lakini serikali ilikuwa imetuomba maoni juu yake miezi minne nyuma, kwenye semina Masasi, ikatupa pilau na kofia, na mtu wa kijiwe akishaombwa maoni hawezi kunyamaza kwa sababu ndogo kama ya kutokujua.

— Mimi bado nauliza, alisema Marko. Kwa nini sisi?

Marko tunamwita Redio, maana hazimwi. Swali lake lilielekezwa kwa Hamidu, ambaye tunamwita Ajenda. Ajenda alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima miaka thelathini na moja. Alistaafu, lakini mwili haujapata taarifa. Kichwani alikuwa amevaa ile kofia ya semina, iliyoandikwa Bahari Yetu, Mpango Wetu.

— Nimekwisha kueleza, alisema Ajenda. Huu ni Mpango wa Matumizi ya Eneo la Bahari. Taifa linatoa mwongozo, mkoa unaratibu, wilaya inatekeleza, kijiji kinashirikishwa. Mwongozo umesema kila wilaya ya mkoa iwakilishwe kwa usawa. Haukusema kila wilaya yenye bahari.

— Basi aliyeuandika hakujua kama tuko mlimani.

— Alijua. Usawa ni usawa.

Tahiri alicheka puani. Yeye tunamwita Salfa, kwa sababu msimu mzima anapulizia mikorosho ya watu, kuanzia hapa mpaka Chilangala, na hata akioga, siku akiyapata maji, bado ananukia dawa.

— Mimi nawaambia kwa nini, alisema. Mpango wa nchi kavu umewashinda. Wakichora mstari shambani, mwenye shamba anatoka na panga. Wakaona bora wapange mahali ambapo hapana mtu wa kutoka.

— Hapana, alisema Redio. Wanataka kuileta huku.

— Kuleta nini?

— Bahari. Kwa bomba. Sasa hivi wanapima upana wake wajue inatosha wilaya ngapi. Ndiyo maana wakatuita Masasi na Newala pamoja, sisi wenye kiu.

— Bahari ina chumvi, Redio.

— Chumvi itabaki Tandahimba.

Nurdini, ambaye mkewe ni wa Tandahimba, alimwangalia Redio na kukisogeza kikombe chake mbali kidogo naye.

— Na wakimaliza bahari watapanga mawingu, aliendelea Redio. Mwaka huu mvua zimechelewa, nyinyi mnadhani tabianchi. Zinasubiri kibali cha mkoa.

— Unakejeli kitu kilichokubalika, alisema Ajenda kwa utulivu. Makundi yote yalipewa fomu. Fomu ya Kundi la Tatu, nililoliongoza mimi, ndiyo peke yake iliyojazwa kikamilifu, na ndiyo iliyopanda juu. Mwezeshaji aliniambia kwa mdomo wake: mwenyekiti ambaye pendekezo lake limechukuliwa ataingia kamati ya uratibu. Nasubiri barua.

— Miezi minne, Baba Sijaona, alisema Nurdini, anayemwita Ajenda kwa jina la mtoto wake.

— Barua za serikali hazikimbizwi.

Hapo ndipo yule mama alipovuka barabara. Alikuwa ameshuka kwenye basi, miaka yake kama arobaini hivi, khanga mbili, mkoba wa ukindu begani, na kwapani amebana faili la plastiki kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Karibu. Unamtafuta nani?

— Namtafuta Bwana Hamidu. Mwenyekiti wa Kundi la Tatu.

— Umempata, alisema Redio. Kofia ndiyo mwenyekiti. Kilichopo chini yake ni nyongeza.

Ajenda alisimama. Sijawahi kumwona anasimama haraka vile tangu enzi za mkaguzi.

— Umetoka mkoani? Ni barua ya kamati?

— Nimetoka Mkungwini. Mkoani nilipita tu. Naitwa Faidha.

Mkungwini ni kijiji cha pwani. Tulimpisha, akakaa ncha ya benchi, Nurdini akamkabidhi nusu kikombe chake. Alikishika tu.

— Wiki mbili natembea, alisema. Alikuja mtu kijijini akatutangazia kwamba fungu letu litafungwa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema mstari huo si wake, ni wa wilaya. Wilayani wakasema wao wanatekeleza tu, mstari umeshuka kutoka mkoani. Mkoani wakasema wao wanaratibu, mstari ni wa wizarani. Wakampigia simu mtu wa wizarani, wakanipa nimsikie. Akasema, mama, sisi hatuchori mistari, mstari umependekezwa na wananchi. Nikamuuliza wananchi gani, mimi si ndiye mwananchi? Akaniambia nifungue kiambatisho cha nne cha mpango.

Alifungua faili, akatoa karatasi, akasoma polepole, kidole chini ya maneno.

— Kiraka cheupe, upande wa mashariki. Kipumzishwe miaka mitatu. Sababu, eneo limechoka. Waliopendekeza, Kundi la Tatu, Masasi na Newala. Nikaanzia Masasi, maana kikao kilifanyika huko. Wakanionyesha ukumbi, pale Mkomaindo. Nikakuta harusi. Bwana mmoja akanionea huruma, akaniambia mwenyekiti wao anakunywa kahawa Newala.

Kujulikana kwa kunywa kahawa mpaka Masasi si jambo dogo, lakini hakuna aliyeona ni wakati wa kulifurahia.

— Hilo fungu, mama, aliuliza Salfa, hasa ni kitu gani?

— Ni mchanga na mwamba. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, lote linakuwa kavu. Tunatembea kwa miguu, tunachokoa pweza kwenye mashimo, tunaokota chaza. Wanawake arobaini na mmoja. Hatuna mtumbwi hata mmoja. Mwenye mtumbwi mkimfungia hapa atakwenda kule. Sisi bahari yetu inaishia pale miguu inapoishia.

— Lakini kwenye ramani palikuwa peupe, alisema Salfa.

Alisema kwa sauti ya mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa. Faidha akamgeukia.

— Baba ulikuwepo?

— Kalamu nilishika mimi.

Ilibidi Salfa aeleze, na alieleza vizuri kuliko alivyopenda. Ramani ya wizarani, alisema, ina rangi saba. Ile ya mkoani ina rangi tatu. Iliyofika kwao kwenye semina ilikuwa fotokopi, nyeusi na nyeupe.

— Na ya kijijini? aliuliza Redio.

— Sisi tulipewa maelezo ya mdomo, alisema Faidha.

— Basi kwenye fotokopi, aliendelea Salfa, kila kitu kilikuwa kijivu isipokuwa mahali pamoja. Mwezeshaji kasema kila kundi lipendekeze walau eneo moja la kupumzisha, bila hivyo fomu haikamiliki, na nje pilau limeshaiva. Tukaulizana. Huku kwetu, mama, shamba linapokuwa jeupe, halishiki muhogo wala karanga, ujue limechoka. Unaliacha lilale miaka mitatu. Hatukuwa na nia mbaya. Tukachukua rula, tukanyoosha mpaka kama safu za mikorosho, na pembeni tukaacha njia ya kuzuia moto.

Faidha alimtazama.

— Moto wa wapi?

— Tulikuwa tumezoea.

— Kumbe ndiyo hii, alisema Faidha, akapekua karatasi nyingine. Ukanda wa tahadhari, mita mia mbili. Umefika mpaka ufukweni tunapopitia. Nimewauliza watu watano ukanda huu unatahadhari nini, wote wamesema ni utaalamu.

Redio alifungua mdomo, akaufunga, nikaamini kwamba mambo yameharibika.

— Samahani, alisema Ajenda, akirekebisha kofia. Hata kama yapo mapungufu ya kiufundi, bahari ni kubwa. Si mtasogea kidogo? Mwamba mwingine haupo?

Faidha hakukasirika. Alitoa karatasi tatu, zote za ukubwa mmoja, akazipanga juu ya nyingine na kuzinyanyua juani ili mwanga upenye. Tulisogea wote kuangalia, hata Nurdini aliacha birika lake.

— Hii ya kwanza ni yetu ya kijiji. Mwamba wa kaskazini tunaufunga wenyewe, miezi mitatu kila mwaka, pweza wakue. Tulikubaliana kwenye mkutano, tukaandika sheria ndogo, hakuna aliyetulazimisha. Hii ya pili ni ya wilaya. Wamefunga mkondo wa mikoko, samaki wazaliane. Vizuri, hatukupinga, maana kaskazini ikifungwa fungu la mashariki lipo, na kaskazini ikifunguliwa tunarudi. Sasa hii ya tatu, ya taifa. Yenu. Imefunga fungu, na ukanda wake umekata njia ya kwenda kaskazini. Angalieni.

Tuliangalia. Mistari ya karatasi tatu ilikutana kwenye mwanga kama uzio uliojengwa na mafundi watatu wasiosalimiana. Hapakubaki mlango.

— Kila ngazi imetuachia sehemu ambayo ngazi nyingine imeifunga, alisema Faidha. Na kila ofisi niliyoingia, ramani yake peke yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikawaambia waziweke pamoja, waone. Wakasema kuziweka pamoja ni kazi ya kamati ya uratibu. Kamati iko wapi? Haijaundwa.

Redio alimtazama Ajenda. Wote tulimtazama Ajenda. Ajenda alitazama kikombe.

— Sasa unataka nini kwetu, mama? aliuliza Salfa.

— Kitu kidogo. Jumatatu kuna kikao cha kupitisha. Wamesema aliyependekeza akiandika kwamba ameondoa pendekezo lake, wanalitoa, hakuna gharama wala safari. Asipoandika, linapita, na bamvua linalofuata wanaweka maboya na doria. Mistari miwili iliyoandikwa na mwenyekiti, basi. Wenzangu wananisubiri.

— Mpe karatasi, alisema Redio.

— Ngojeni, alisema Ajenda. Jambo hili lina utaratibu wake. Pendekezo halikuwa langu mimi Hamidu, lilikuwa la kundi. Kundi lilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Watano wako Masasi, mmoja kahamia Chiwata, mmoja amefariki. Siwezi kuondoa pendekezo la marehemu bila akidi.

— Wakati mnaliweka marehemu alikuwa nje anachukua pilau, alisema Salfa. Nilimwona.

— Akidi ilikuwepo kwa mujibu wa daftari la mahudhurio. Pili, huyu mama hana barua ya utambulisho. Angekuja na barua ya kijiji chake, yenye muhuri, tungekuwa na mahali pa kuanzia.

— Niliiomba, alisema Faidha. Mtendaji akasema muhuri wa kijiji hauwezi kugongwa kwenye jambo la taifa, mpaka wilaya iruhusu.

— Unaona. Na tatu, hata sisi tukiandika, barua yetu lazima ipitie ofisini kwetu hapa, ipande mkoani, ndipo ishuke kwenu.

— Leo Ijumaa, baba.

— Siyo mimi niliyepanga siku.

Ndipo Salfa alipomgeukia, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

— Ajenda, sema ukweli. Wewe unaogopa ile barua ya kamati haitakuja.

— Usinivunjie heshima mbele ya mgeni.

— Fomu ikiondolewa, na jina lako linaondoka. Ndicho kinachokuuma. Maneno ya akidi tuachie sisi.

Nilitegemea Ajenda atajibu kwa kifungu. Alivua kofia, akaiweka magotini, akawa mzee wa kawaida tu mwenye upara.

— Miaka thelathini na moja nimeandika, alisema. Taarifa za msimu, mihtasari, mapendekezo. Niliandika juu ya mizani mbovu, niliandika juu ya maji haya haya tunayoyalilia. Hakuna siku hata moja mtu wa juu alichukua nilichoandika akakifanya kuwa kitu. Hii ndiyo mara moja. Imepanda mpaka juu, imepigwa chapa, ina namba. Mnataka niandike kwa mkono wangu kwamba ilikuwa upuuzi.

Faidha alikiweka kikombe chini.

— Baba Sijaona, alisema, maana jina alikuwa amelisikia kwa Nurdini, siwezi kusema ni upuuzi. Ni shamba zuri. Lakini haliko kwako.

Redio, ambaye hajawahi kumwacha mtu ateseke kimya, alijaribu kusaidia kwa njia yake. Alisema labda tuunde kamati ndogo ya kijiwe, imshauri mwenyekiti. Nurdini akauliza kamati hiyo itaripoti kwa nani. Redio akasema kwa kamati kubwa. Nurdini akauliza kubwa iko wapi. Wakaendelea hivyo kwa muda, na mimi nikaona kwa macho yangu jinsi ngazi zinavyojengwa: watu wema wachache, benchi moja, na kazi ya dakika mbili ambayo hakuna anayetaka iwe yake.

Salfa hakusubiri. Alichana ukurasa kwenye daftari analoandikia mashamba ya kupulizia, akaandika kwa herufi kubwa: Mimi Tahiri, niliyechora mpaka, sikujua ninachora wapi. Naomba ufutwe wote, pamoja na njia ya moto. Akatia sahihi. Redio akatia yake, ingawa siku ya semina alikuwa kwenye msiba. Nurdini akaandika jina lake lote, la baba na la babu. Mimi nilisaini mwisho, kama mkazi. Sikuwa hata mdau.

— Hiyo haina mamlaka, alisema Ajenda taratibu, na tatizo ni kwamba alikuwa sahihi. Wanataka mwenyekiti.

— Basi saini, mwenyekiti, alisema Salfa, akamwekea kalamu mkononi na karatasi juu ya mbao. Nafasi nimekuachia juu.

Upande wa stendi kondakta alikuwa ameanza kuita watu wa basi la pwani la saa sita. Faidha alitazama huko, akatazama karatasi. Nafasi ya juu ilikuwa bado tupu. Alizikusanya ramani zake tatu, moja moja, akazirudisha kwenye faili bila haraka.

— Baba, alisema, nina swali moja, halafu niende. Si la kiofisi. Mmeandika hapa sababu ni kwamba fungu limechoka. Mimi nimelikanyaga tangu namfuata mama yangu, na mama alilikanyaga akimfuata mama yake. Nani aliwaambia kwamba limechoka?

Ajenda alifungua mdomo kama mtu anayejua ukurasa. Tulimwona anautafuta. Alimtazama Salfa, Salfa akatazama viatu vyake vyenye unga wa dawa. Redio, ambaye ana jibu la mawingu, aliinama akachochea mkaa wa Nurdini. Faidha alisubiri. Alisubiri kweli, kwa ustadi wa mtu ambaye kwa wiki mbili amesimama mbele ya meza za watu, na nadhani kama mmoja wetu angesema jina lolote, hata la uongo, angelipokea na kwenda kumtafuta mwenye jina hilo.

Kondakta aliita mara ya mwisho. Faidha akachukua ile karatasi yetu isiyo na mwenyekiti, akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye faili pamoja na zile nyingine.

— Haya, alisema. Bakini salama.

Basi liliteremka kuelekea pwani. Ajenda alibaki ameshika kalamu ya Salfa, na hakuna aliyemwambia aandike wala airudishe.